Mikutano ya Siku za Bamvua

Kwa miaka mitano nilikuwa mwandishi wa muhtasari wa mikutano ya kijiji chetu, na katika miaka hiyo nilisaidia, kidogo kidogo, kuwanyang'anya wanawake wa kijiji kauli yao, mama yangu akiwamo. Nasema hili mapema ili msomaji asidhani nimekaa hapa kujipamba. Sifa zipo, na nitazitaja bila haya, ila nyingi si zangu.

Kijiji chetu kiko pwani, kati ya mji wa Mtwara na mahali Ruvuma inapoingia baharini. Wanaume wengi wana mikorosho na mihogo huko juu. Wanawake nasi tuna mashamba, lakini tuna na mwamba. Mara mbili kila mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali sana kwa siku nne tano. Hizo ndizo siku za bamvua. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri mwamba hubaki wazi, na kila mwanamke mwenye miguu yuko kule na kijiti chake, anachokoa pweza, anaokota chaza, ndoo kichwani, kanga imefungwa juu ya magoti. Siku za katikati ni za maji mafu. Bahari haitoki kitu cha maana, nasi tunakaa nyumbani tukibangua korosho na kusengenyana. Ratiba hii haijaandikwa popote, na mtoto wa miaka saba anaijua.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama, tumbo moja. Kwetu mjomba ni mtu mzito. Ndiye anayekuoza, na ukiachika ndiye anayekupokea. Wangu alinipokea nikiwa na miaka ishirini na minne, nimerudi na sanduku moja na bila mtoto. Hakuniuliza swali hata moja. Alinikatia kiwanja nyuma ya nyumba ya mama, akaleta miti ya kujengea kwa mabega yake mwenyewe. Kwa hiyo aliponiambia, "Wewe una mwandiko mzuri, njoo utuandikie," nilikwenda siku ile ile. Kazi hiyo kwa haki ilikuwa ya mtendaji wa kijiji, lakini maandishi ya mtendaji hata mwenyewe alikuwa akishindwa kuyasoma.

Nilikuwapo mjomba alipochaguliwa, miaka ya tisini mwanzoni, vyama vingi vilipokuwa bado kitu kipya na watu wakiogopa hata kuvitaja kwa sauti. Tulichagua kwa mistari. Wagombea watatu walisimama kwenye uwanja wa ghala la korosho, na kila mtu akaenda kujipanga nyuma ya amtakaye. Mama alikuwa wa kwanza nyuma ya mdogo wake, mkono begani kwake. Wanawake wakamfuata, mstari ukatoka nje ya uwanja ukashika njia ya kisimani. Siku hiyo nilimwona mjomba akijifuta macho kwa kofia yake. Na alikuwa kiongozi mzuri, nisimdhulumu. Kisima kilipatikana kwa yeye kushinda mlangoni mwa maofisa huko mjini mpaka wakamchoka. Hakuna maiti iliyozikwa kijijini bila yeye kushika jembe.

Siku hizi nasikia redioni wataalamu wakieleza jinsi demokrasia inavyominywa huko duniani, viongozi wanavyojiongezea muda, mabunge yanavyopiga makofi. Wanauliza imekuwaje watu wote wakalala. Mimi siulizi. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi.

Kalamu ile ilikuwa na tabia moja. Mwalimu wangu wa madrasa alitufundisha kwamba kila karatasi unayoiandika uiwekee tarehe mbili juu, ya serikali na ya mwezi mwandamo. Alikuwa akituchapa kwa hilo. Ikanikaa mwilini mpaka nikawa naandika tarehe mbili hata kwenye orodha ya sabuni na chumvi. Basi na daftari la kijiji, lile kubwa la jalada gumu nililolinunua mwenyewe kwenye duka la Mhindi pale Mikindani, kila mkutano ulianza hivyo. Mjomba alikuwa akitia sahihi chini ya ukurasa. Juu hakuwa akitazama.

Mwanzoni mikutano ilikuwa alasiri, jua likipoa. Mwaka wa nne mjomba akatangaza kwamba sasa itakuwa saa nne asubuhi, kwa sababu wageni kutoka wilayani wanapata shida ya usafiri wa kurudi. Sababu ikaonekana ya kiungwana. Mkutano mkuu huitwa kila miezi mitatu. Wa kwanza wa saa nne uliangukia bamvua. Wa pili pia. Wanaume wakaja, wazee wawili watatu wa kike wasioweza tena kukanyaga mwamba wakaja, nami nikaandika nilichoambiwa niandike: "Wote waliohudhuria walikubali kwa kauli moja." Ukurasa uliofuata, neno "waliohudhuria" lilikuwa limeniponyoka. Nikabaki na "wote walikubali."

Utaniuliza, wewe binti wa pwani, hukuona? Niliona. Mwamba siku hizo ulinikosa na mimi. Lakini nilikuwa nimeonja kiti. Nilikuwa na meza, nilikuwa na kalamu mbili, miguu yangu ilikuwa haichanwi na mawe, na mama alinitengea pweza wangu kila alipopanda kutoka pwani. Mtu aliyeketi vizuri hapendi kuchunguza miguu ya kiti. Nilijiambia ni siku kugongana tu kwa bahati.

Mama alikuwa akiuliza jioni, huku akisugua miguu yake kwa mafuta ya nazi, "Leo mmeamua nini?"

"Wanawake hawatakuwa na nafasi zao kwenye halmashauri ya kijiji mpaka watakapojirekebisha."

"Wamekosa nini?"

"Hawajitokezi mikutanoni, mama."

"Nani kasema?"

"Wote."

"Wote ni kina nani?"

Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya kiofisi, hawezi kuyaelewa. Nilimwambia hivyo mama yangu. Akaendelea kusugua miguu.

Mkutano wa mwezi wa Shaabani ndio uliobeba jambo lenyewe. Muda wa mjomba ulikuwa unakwisha. Wanaume wachache waliokuwapo wakaambiwa kwamba uchaguzi unaleta chuki, kwamba kijiji jirani watu wamefikia kususiana misiba kwa ajili ya vyama, na kwamba ni busara jina moja tu lipelekwe wilayani, mwenyekiti apite bila kupingwa. Mikono ikanyooka. Kuna walionyoosha kwa kumpenda na kuna walionyoosha kwa sababu mwenye nguvu mpishe. Nikaandika kwamba kijiji kizima kimeazimia. Ofisa wa wilaya angekuja baada ya Ramadhani, athibitishe azimio mbele ya mkutano, na habari ingekuwa imekwisha. Baada ya hapo nani angekumbuka kwamba tulikuwa tunajipanga mistari?

Idi ilipopita, mjomba akaniagiza niandae nakala safi ya mihtasari ya mwaka mzima kwa ajili ya mgeni. Nilikaa kwenye baraza la ghala mchana, nikaanza kwa kuandika vichwa vya kurasa, kimoja chini ya kingine, kwa ile miezi ya mwandamo tunayoihesabu tangu Ramadhani iishe, ili nipange nafasi. Mfungo Pili, siku ya pili. Mfungo Tano, siku ya kumi na sita. Mfungo Nane, siku ya tatu. Shaabani, siku ya kumi na sita. Nikavitazama. Hakuna hata siku moja ya maji mafu. Mtu anayeokota tarehe bila kuangalia, mwaka mzima, walau mara moja angeteleza akaangukia maji mafu.

Nikabeba daftari mpaka nyumbani. Mama alikuwa anapiga pweza kwenye jiwe ili alainike. Nikamsomea zile tarehe nne, bila neno lingine. Kwenye ya tatu akaacha kupiga. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Kesho tunakwenda kwa mjomba wako," akasema. Akaendelea kupiga pweza, sasa kwa nguvu zaidi ya zilizohitajika.

Tulimkuta anakunywa uji. Mama hakukaa kwenye kiti alichopewa, alikaa mkekani.

"Mdogo wangu, nani alikufundisha kuhesabu mwezi?"

"Wewe, dada."

"Kwa nini nilikufundisha?"

Mjomba akatabasamu. "Ili nisije nikafa maji." Nami niliijua hadithi ile. Akiwa mdogo maji yalimzunguka mwambani, na mama, mwenyewe akiwa msichana tu, alimtoa mgongoni.

"Na sasa unahesabu kwa nini?"

Tabasamu likaondoka. Akaweka kikombe chini taratibu. Kama angekataa ningemdharau, lakini hakukataa.

"Dada, wanawake mkija mkutanoni maneno hayaishi. Jambo la saa moja linafika magharibi. Mimi nafanya kazi ya kijiji. Kisima si mnakunywa?"

"Tunakunywa."

"Basi." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, lile ni daftari la serikali. Andika upya nakala zote, utoe hizo tarehe zako za madrasa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwanangu. Kiwanja unacholalia unakijua kimetoka wapi."

 Njiani, tulipofika kisimani, mama akasema, "Utaandika upya?"

"Sijui."

"Mimi sikuambii."

Nilimchukia kwa muda kwa jibu lile. Nilikuwa na hofu ya kweli. Mjomba ndiye aliyekuwa anashika mazungumzo ya posa yangu ya pili, na mwanaume mwenyewe nilimtaka. Kama ningefukuzwa, ningekwenda wapi, tena kwa mara ya pili? Nilikaa na karatasi mbele yangu siku mbili. Mwishowe kilichoniokoa si ushujaa, ni ghadhabu. Kila nilipogusa kalamu nilisikia vile alivyosema "tarehe zako za madrasa," kana kwamba mwalimu wangu alitufundisha upuuzi. Nikaziandika nakala kama zilivyokuwa, na tarehe za mwezi mwandamo nikazipigia mstari.

Mkutano wa ofisa uliitwa Mfungo Pili, siku ya kumi na saba, saa nne. Bamvua kubwa kuliko zote za mwaka ule. Mnunuzi wa pweza alikuwa amekwisha kuja kutoka mjini na barafu yake, ameketi ufukweni anasubiri. Mama alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kwa siku kadhaa. Hakuhutubia. Aliwasomea watu tarehe nne alizozishika kwa kichwa, akaondoka.

Walikuja. Namshukuru Mungu kwamba niliiona siku ile. Walipanda kutoka kila njia, wamevaa kanga za kutokea badala ya zile za mwambani, wazee, wanyonyeshaji, hata wale mahasimu wawili wa kisimani ambao hawakuwa wamesalimiana tangu mwaka juzi. Wakaketi mbele, chini, wakajaza uwanja wa ghala, na wanaume wakalazimika kusimama ukutani. Hakuna aliyepiga kigelegele. Kila mmoja wao alikuwa ameacha chakula cha wiki mbili kule chini. Nilijisikia mdogo mezani pale, na nilijisikia fahari.

Ofisa alikuwa mtu wa bara, kutoka sehemu za milima. Akamwinamia mjomba. "Mwenyekiti, ulisema akina mama wa huku hawajitokezi."

"Leo wamejitahidi," mjomba akasema.

Ajenda ya kwanza ya mkutano wowote ni kusoma na kuthibitisha muhtasari. Nikasimama. Kabla sijafungua mdomo, mama akanyoosha mkono.

"Tunaomba binti atusomee tarehe tu. Mihtasari yote minne. Zile za mwezi mwandamo."

Ofisa hakuona ubaya wake, akaruhusu. Mjomba alinitazama. Sikumtazama. Nikasoma ya kwanza, mwanamke mmoja akacheka kidogo puani. Ya pili, kicheko kikaenea. Ya tatu wanaume kule ukutani wakaanza kunong'onezana. Nilipofika Shaabani, siku ya kumi na sita, hakuna aliyekuwa anacheka.

"Sijaelewa," ofisa akasema.

Akasimama jirani yetu, mjane ambaye kwa pweza hakuna aliyemfikia pwani nzima. "Baba, tafadhali geuka nyuma."

Ofisa akageuka. Kutoka ghalani bahari yote inaonekana. Mwamba ulikuwa wazi, umelowa, unang'aa mpaka kule mawimbi yanakovunjikia.

"Unamwona mtu?"

"Hapana, bibi. Hakuna mtu."

"Siku kama ya leo, saa kama hii, mwamba ule hauna pa kukanyaga, tumejaa sisi. Siku zote nne alizosoma binti tulikuwa kule. Huku ikaandikwa wote tumekubali."

Ofisa akayapindua makaratasi yangu, akaangalia ile mistari niliyopiga. Kisha akamuuliza mjomba, kwa adabu kabisa, "Mwenyekiti, ulijua?"

Najua angeweza kusema hapana. Mgeni asingekuwa na la kumbana, na wapo wanaume pale wangemsaidia kuapa. Mjomba akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akawatazama wale wanawake mpaka macho yake yakamfikia dada yake.

"Mimi ni mtoto wa hapa," akasema. "Nilijua."

Hilo nalo najivunia. Nimesikia habari za wakubwa wengi tangu siku ile, wa karibu na wa mbali, na wachache sana wamewahi kuulizwa swali hilo wakalijibu kwa neno moja.

Ofisa akasema azimio la jina moja halisimami, na kwamba mkutano upange siku ya uchaguzi. Hapo nikiri kwamba mjomba hakuwa amekosea kila kitu, kwa maana maneno hayakuisha. Walibishana siku, walibishana saa, mahasimu wa kisimani wakapatana kwa muda ili kumpinga mtu wa tatu, na adhuhuri ikaadhiniwa tukiwa bado. Maji yalikuwa yamekwisha kurudi juu ya mwamba, na mnunuzi wa pweza alikuwa amekwisha kuondoka na barafu tupu. Waliafikiana Mfungo Tatu, siku ya saba, alasiri. Wakaongeza kwamba tangu siku ile mkutano wowote wa kijiji ufunguliwe kwa kutaja siku ya mwezi mwandamo, na ukiangukia bamvua uahirishwe. Jambo hilo lilishikwa. Miaka ya elfu mbili, mwenyekiti mwingine wa baadaye alijaribu kulisahau, akakumbushwa na vitoto vya shule vilivyokaa madirishani.

Siku ya uchaguzi walisimama wawili: mjomba, na mkulima mmoja wa korosho wa huko juu, mpole kiasi kwamba watu walikuwa wakilisahau jina lake. Tukaambiwa tujipange. Mama akatoka wa kwanza, akaenda polepole, akasimama nyuma ya mdogo wake. Akaweka mkono begani kwake, kama mara ile.

Watu waliguna. Mimi nilishikwa na hasira nikatamani kumvuta kanga. Nikaenda mstari wa pili, makusudi, mbele ya macho yake, kisha nikarudi mezani kuhesabu. Mstari wa pili ulitoka nje ya uwanja ukafika njia ya kisimani. Wa mjomba uliishia kwenye mlango wa ghala.

Nilimuuliza mama wakati watu wanatawanyika. Akanishangaa kwa kuuliza.

"Nilitaka watu wawepo. Sasa wapo, wamesema. Basi na mimi ni dada yake, asimame peke yake ana nini?"

Muhtasari wa siku ile nilikuwa nimekwisha kuuandika. Niliandika waliosimama huku na waliosimama kule, na mahali pote sikuandika neno "wote." Kwa kuwa mjomba ndiye aliyeongoza kikao, sahihi ilikuwa bado yake. Nikampelekea daftari, nikiwa sijui nitapokewaje, na kiwanja changu kikiwa moyoni.

Mjomba akalipokea. Hakwenda chini ya ukurasa moja kwa moja. Akaweka kidole kwenye mstari wa juu kabisa.

"Mfungo Tatu, siku ya saba," akasoma. Akanyanyua macho kuitazama bahari, ambayo siku ile ilikuwa imetulia pale pale ilipo. "Maji mafu."

Akatia sahihi. Akanirudishia kalamu yangu, akaniuliza kama mama amepika.